Turbo ya Dizeli Inayopiga Kelele: Kuichunguza na Kuitengeneza kwenye Injini ya Toyota 1KD

Turbo nyingi zinazofunguliwa katika gereji zetu hufunguliwa kabla ya wakati wake. Dereva husikia mluzi ambao hakuwa akiusikia, fundi hufungua boneti, mafuta hukanyagwa mara mbili tatu, na hukumu hutolewa papo hapo kwamba turbo imekufa. Baada ya siku chache turbo nyingine imefungwa, fedha nyingi zimekwenda, na mluzi bado upo kwa sababu ulikuwa unatoka kwenye mpira wa hewa uliochanika. Kwa upande mwingine wapo wanaobadilisha turbo ambayo kweli imeharibika, lakini hawatafuti kilichoiharibu, hivyo ile mpya nayo hufa kwa ugonjwa ule ule. Kati ya makosa hayo mawili, la pili ndilo ghali zaidi.

Maelezo haya nimeyaelekeza kwenye injini ya 1KD-FTV, ile dizeli ya lita 3.0 iliyomo katika Prado, Hilux na Hiace nyingi zinazotembea Afrika Mashariki, kwa kuwa ndiyo ambayo mafundi wengi wanakutana nayo kila siku. Sehemu kubwa ya maelezo hata hivyo inafaa kwa dizeli yoyote ya kisasa yenye turbo.

Kwa ufupi, turbo ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye silinda huzungusha feni iliyo ndani ya ganda la chuma, na feni iliyo ndani ya ganda la alumini hufyonza hewa kutoka kwenye filta na kuisukuma kupitia intakula, yaani kifaa kinachoipooza hewa hiyo, hadi ndani ya injini. Shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na katika turbo za aina hii haikai juu ya gololi bali huelea kwenye utando mwembamba wa oili ndani ya bushi. Turbo ya 1KD ina nyongeza moja, nayo ni vipanga vidogo vinavyoizingira feni ya moshi, ambavyo hugeuzwa na mota ya umeme kwa amri ya kompyuta ya injini. Vipanga hivyo hujibana mizunguko ya injini inapokuwa midogo, ili moshi uingie kwa kasi, na hufunguka mizunguko inapopanda.

Kusikiliza kabla ya kushika spana

Anza na dereva. Muulize kelele ilianza lini, ilianza ghafla au ilikua polepole, husikika gari likiwa baridi au likiwa limepata moto, na gari limepoteza nguvu au bado linavuta kama zamani. Muulize pia kama kuna mtu aliyefungua boksi la filta, intakula au mabomba ya hewa siku za karibuni. Kelele iliyoanza mara tu baada ya sevisi mara nyingi ni klampu isiyokazwa au mpira uliorudishwa vibaya, na kuigundua hakuhitaji zaidi ya tochi na bisibisi.

Kisha likalie gari mwenyewe, kwa sababu kelele nyingi za turbo hazijitokezi gari likiwa limesimama. Injini ya dizeli isiyobeba mzigo hutoa moshi kidogo, na turbo haijengi shinikizo la maana hata ukiikanyaga mafuta. Tafuta kilima, weka gia ya tatu na kanyaga kwa uthabiti kuanzia mizunguko 1,500 hadi 3,000. Anayepita mlima wa Kitonga, Tanzania, kila wiki, au anayepanda kutoka Mai Mahiu, Kenya, hana haja ya kutafuta mahali pengine. Fungua madirisha na uendeshe kando ya ukuta au kingo za barabara, ambazo huirudisha sauti sikioni.

Ifahamike kwamba turbo nzima haiko kimya. Huwa na mluzi mwembamba na laini unaopanda pamoja na mzigo na kufifia ukiachia mafuta. Kinachopaswa kukushtua ni mabadiliko, na kila badiliko lina mwelekeo wake. Sauti ya hewa inayovuja, kama pancha kubwa inayotoa upepo, ikisikika tu wakati wa kukanyaga mafuta na ikiambatana na moshi mweusi na gari kuwa zito, huashiria uvujaji kati ya turbo na injini, yaani kwenye mipira, klampu au intakula. Sauti ya kupumua kwa mikupuo inayofuata mapigo ya injini, yenye nguvu zaidi asubuhi gari likiwa baridi na inayopungua chuma kikishapata moto na kutanuka, huashiria moshi unaovuja kwenye gasketi ya manifoldi, yaani bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, au pale turbo inapoungana na manifoldi. Harufu ya moshi ndani ya gari ni ushahidi wa ziada wa jambo hilo, na usiupuuze, kwa kuwa moshi huo ni sumu kwa abiria.

Mlio unaofanana na king'ora cha polisi, unaopanda na kushuka waziwazi na kuendelea kusikika sekunde chache baada ya kuachia mafuta, hutokana na feni isiyo na mizani. Pengine panga limemeguka, pengine bushi zimekwisha na shafti inayumba. Hapo turbo yenyewe ndiyo mgonjwa. Sauti ya chuma kukwaruza chuma ni hatua inayofuata, ambapo feni imeshaanza kugusa ganda, na gari la namna hiyo lizimwe pale lilipo na livutwe. Kilomita chache za kulazimisha zinaweza kupeleka vipande vya alumini ndani ya silinda.

Mlio wa kutetemeka unaosikika ghafla unapoachia mafuta, mfano wa ndege anayepiga mabawa ndani ya bomba, hutokea hewa iliyoshinikizwa inapokosa pa kwenda na kurudi nyuma dhidi ya feni. Ukitokea mara moja moja hauna neno. Ukitokea wakati unakanyaga mafuta, kagua kama vipanga vimekwama vikiwa vimejibana, au kama filta ya hewa imeziba. Kuhusu njuga zinazolia injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, mara nyingi hilo ni bati la kuzuia joto lililolegea boliti, na ningependa kila fundi alishike bati hilo kwa kitambaa kinene kabla ya kutamka neno turbo.

Kuna kelele nyingine ambazo hazina uhusiano wowote na turbo ingawa hulia kwa sauti inayokaribia ya kwake. Beringi ya altaneta, pampu ya usukani, puli ya kukazia mkanda na feni ya rejeta zote huweza kuvuma na kupiga miluzi kwa kufuata mizunguko. Kuzitenganisha ni rahisi. Zima injini, ondoa mkanda, washa kwa muda usiofika dakika moja na usikilize. Usizidishe muda huo, kwa kuwa mkanda ukiwa haupo pampu ya maji huweza kuwa haizunguki. Kelele ikiwa imetoweka, turbo haina kosa. Bisibisi ndefu iliyowekwa ncha kwenye kifaa na mpini kwenye sikio bado ni chombo kizuri, alimradi nguo na mikono vikae mbali na mikanda.

Kutafuta uvujaji wa hewa

Gari likipoa, pitia njia yote ya hewa kwa macho na vidole kuanzia boksi la filta hadi kwenye manifoldi ya kuingiza hewa. Ndani ya bomba linalotoka kwenye filta pasiwe na vumbi hata kidogo. Pitisha kidole ndani yake: kikitoka na unga mwekundu wa barabara, filta haizibi vizuri au boksi limepasuka, na mchanga umekuwa ukiyala mapanga ya feni. Vumbi huyanoa mapanga hayo polepole hadi kingo zake zinakuwa nyembamba kama wembe na ncha zake zinaviringika, na feni iliyofikia hali hiyo haiwezi tena kusukuma hewa inavyotakiwa.

Baada ya turbo, tafuta alama za oili. Utando mwembamba wa oili ndani ya mabomba ni jambo la kawaida, kwa sababu mvuke wa injini hupitishwa njia hiyo. Lakini doa bichi la oili iliyochanganyika na vumbi upande wa nje wa kiungo huonyesha pale pale hewa inapotokea. Ikunje mipira kwa mkono. Mpira uliolowa oili kwa miaka mingi hulainika, na ufa wake hufunga kabisa gari likiwa limesimama, kisha hufunguka kama mdomo shinikizo linapopanda. Ndiyo maana kuutazama tu hakutoshi. Kwenye Hilux yenye tundu juu ya boneti, intakula imelala juu ya injini, hivyo viungo vyake vinafikika kwa urahisi, na ndipo pa kuanzia.

Kipimo cha uhakika ni kujaza hewa kwa kompresa. Fundi asiye na kifaa maalumu anaweza kukitengeneza kwa kipande cha bomba la maji la plastiki chenye kipenyo kinachoingia kwenye mpira wa kuingilia turbo, kofia ya bomba hilo na valvu ya tairi isiyo na tyubu iliyopachikwa kwenye kofia. Ondoa bomba linalotoka kwenye filta, funga kifaa hicho kwa klampu imara, kisha jaza hewa polepole kupitia regyuleta bila kuvuka bar 1. Usisimame mbele ya kifaa, maana kikichomoka huruka kwa nguvu. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo, kwenye mishono ya intakula na kuzunguka manifoldi, na uangalie mapovu. Hewa kidogo itapita ndani ya injini kupitia valvu zilizo wazi na kusikika kwenye kifuniko cha oili au kwenye ekzosi, na hiyo haihesabiwi kuwa uvujaji. Zungusha injini kidogo kwa spana kwenye puli ya mbele ikiwa hewa inapotea kwa wingi kupitia silinda.

Mpira uliochanika hubadilishwa. Kuuzungushia gundi au utepe ni kununua siku chache tu, na mpira wa rejeta uliokatwa na kupachikwa mahali pake haukutengenezwa kwa joto na oili ya njia ile. Klampu nazo zichaguliwe zile pana zenye boliti, si zile nyembamba zinazokata mpira zikikazwa.

Kutafuta uvujaji wa moshi

Moshi huacha mwandiko. Ondoa mabati ya kuzuia joto na umulike pembeni mwa gasketi ya manifoldi, pale turbo inapokaa juu ya manifoldi, kiungo cha bomba la moshi linalotoka kwenye turbo, na viungo vya bomba linalorudisha sehemu ya moshi kwenye hewa ya kuingia. Palipovuja huwa na masizi makavu yaliyotawanyika kama unyoya mweusi, yakianzia kwenye mwanya na kuelekea nje. Asubuhi injini ikiwa baridi, mtu mmoja aiwashe wakati mwingine amesogeza karibu na kiungo ncha ya mpira mwembamba aliouelekeza sikioni, bila kugusa chuma. Mikupuo ya moshi itasikika bila shaka yoyote.

Sehemu ngumu ya kazi hii ni stadi zilizokatika, yaani boliti zisizo na kichwa zinazoshikilia manifoldi, kwani chuma kilichopikwa kwa miaka huwa hakikubali kufunguka. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu usiku mmoja kabla, na usilazimishe. Stadi iliyokatikia juu kidogo huweza kutolewa kwa kuchomelea nati juu ya kisiki chake na kuifungua ingali na joto. Kabla ya kuchomelea chochote ondoa waya za betri. Gasketi isirudishwe hata kama inaonekana nzima, uso wa manifoldi ukaguliwe kwa rula ya chuma iliyonyooka ili kubaini kama umepinda, na silikoni isitumike mahali hapa, kwa kuwa moshi wa dizeli iliyobeba mzigo hufika mamia ya digrii na silikoni huungua na kuacha nafasi.

Kuikagua turbo yenyewe

Ukiwa umezifuta sababu za nje, ondoa mpira wa kuingilia hewa ili uione feni ya alumini. Injini iwe imezimwa na imepoa. Kidole kisiingizwe humo injini ikiwa inafanya kazi, hata kama feni inaonekana kuzunguka polepole. Izungushe feni kwa mkono. Inapaswa kuzunguka kwa wepesi, bila kukwaruza wala kukwama mahali popote.

Sasa shika ncha ya shafti na uisukume juu, chini na pembeni. Mchezo kidogo wa pembeni upo katika kila turbo ya aina hii, tena huonekana mkubwa zaidi gari likiwa limelala usiku kucha, kwa sababu oili iliyokuwa ikijaza nafasi kati ya bushi na shafti imeshuka. Fundi asiyejua hilo hutangaza kifo cha turbo nzima. Kinachohesabika ni kama mapanga yanaweza kugusa ganda. Isukume shafti upande mmoja huku ukiizungusha, kisha upande wa pili. Ikigusa, au ukiona alama za kung'aa kwenye ukuta wa ganda, turbo imekwisha. Mchezo wa mbele na nyuma, yaani wa kuvuta na kusukuma shafti kwa urefu wake, unapaswa kuwa mdogo kiasi cha kutohisika vizuri kwa vidole. Fundi mwenye saa ya kupimia atapata takriban sehemu moja ya kumi ya milimita au pungufu. Ukiusikia mgongano wa wazi wa kwenda na kurudi, beringi inayozuia msukumo huo imekwisha na hakuna haja ya kupima zaidi.

Tazama pia mapanga moja moja kwa tochi. Yaliyomeguka kwenye kingo za mbele yameguswa na kitu kilichoingia kupitia njia ya hewa, iwe nati, kipande cha filta au kitambaa kilichosahauliwa. Upande wa moshi, ambao huonekana baada ya kufungua bomba la kutokea, mapanga yaliyomeguka husema kwamba kuna kitu kimetoka ndani ya injini, kama vile ncha ya plagi ya kupasha moto au kipande cha valvu, na kuifunga turbo mpya kabla ya kukitafuta ni kuitoa sadaka.

Vipanga vinavyogeuka vina dalili zao. Kompyuta ya gari huweza kuandika kosa la P0299 shinikizo likiwa dogo kuliko linalotakiwa, au P0234 likiwa kubwa kupita kiasi, na gari hukosa nguvu ghafla hadi lizimwe na kuwashwa tena. Kwa mashine ya kupimia inayosoma takwimu, linganisha shinikizo linaloamriwa na linalopatikana gari likiwa linapanda kilima. Tofauti inayotokea mwanzoni kisha kupotea huelekeza kwenye vipanga vinavyonata kwa masizi, hasa katika gari linalokaa muda mrefu likinguruma na kiyoyozi bila kutembea. P0299 hata hivyo ni ile ile inayotokea mpira ukichanika, na hii ndiyo sababu mashine haiwezi kuchukua nafasi ya maji ya sabuni.

Kilichoiua

Usiagize turbo nyingine kabla ya kuisoma ile ya zamani, kwa sababu shafti yake hubeba ushahidi. Ikiwa na rangi ya bluu au nyeusi ya kuungua, ilikosa oili. Ikiwa na mistari ya kuzunguka ambayo ukucha unaihisi, oili ilikuwa na uchafu. Ikiwa upande wa moshi umejaa makaa magumu ya oili, injini ilizoeleka kuzimwa ghafla ikiwa na joto kali, na dawa yake ni kuiacha ingurume dakika moja au mbili baada ya mlima mrefu.

Kwa 1KD kuna chanzo kimoja ambacho kila fundi anapaswa kukishuku kabla ya vingine vyote. Injekta za injini hii, yaani vifaa vinavyopuliza mafuta ndani ya silinda, hukalia washa (pete bapa) za shaba, na washa hizo zikishindwa kuziba, moshi wa mwako hupenya kuelekea chini ya kifuniko cha valvu na kuchanganyika na oili. Oili hugeuka kuwa lami na chembe za makaa, na chembe hizo hushuka hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la bomba linalofyonza oili. Shinikizo la oili hupungua kidogo kidogo, na kwa kuwa turbo ndiyo yenye mizunguko mikubwa kuliko kitu chochote ndani ya gari, huwa ya kwanza kuumia. Mlio wa king'ora unaweza kuwa onyo la mapema kwamba kransi, yaani shafti kuu ya injini, nayo iko njiani kuharibika. Atakayebadilisha turbo na kuliacha chujio limeziba ataua turbo mbili na hatimaye injini nzima.

Kwa hiyo, palipo na dalili ya ukosefu wa oili, pima shinikizo kwa geji ya kufunga mahali pa swichi ya oili na ulinganishe na kitabu cha matengenezo, fungua sampu ulitazame chujio, na kagua washa za injekta. Unapofanya kazi karibu na injekta usilegeze bomba lolote la mafuta injini ikiwa inawaka, kwani shinikizo ndani ya mabomba hayo huvuka bar 1,000 na mchirizi wake hupenya ngozi.

Kutengeneza au kubadilisha

Vipanga vilivyonata kwa masizi huweza kusafishwa. Turbo ikishatolewa, weka alama za rangi kwenye maganda na sehemu ya katikati ili virudi katika pembe zile zile, tenganisha ganda la moshi, loweka pete ya vipanga kwenye dawa ya kuondoa masizi na uisugue kwa brashi laini hadi vipanga vyote vitembee kwa pamoja bila kukwama. Skrubu ndogo inayowekea vipanga kikomo isiguswe kamwe. Imepimwa kiwandani, na mtu akiigeuza kwa kukisia, gari litakuwa zito au litakuwa likizalisha shinikizo la hatari.

Bushi zilizokwisha ni suala jingine. Njia ya busara ni kununua katriji nzima, ambayo mafundi huiita moyo wa turbo, ikiwa na shafti na feni zake zilizopimwa mizani kwenye mashine. Vifurushi vya bei nafuu vyenye bushi na pete pekee vinapatikana, lakini shafti iliyokusanywa upya bila kupimwa mizani itaanza kulia kabla ya mwezi kwisha. Turbo ya mtumba kutoka Japani au Dubai ni chaguo linalokubalika, mradi uikague kwa vipimo vilivyotajwa hapo juu mbele ya muuzaji, uthibitishe mota ya umeme inafanya kazi, na ulinganishe namba iliyo kwenye kibati na ya zamani. Turbo za 1KD hutofautiana kati ya matoleo ya gari ingawa kwa sura zinafanana.

Ufungaji ndio unaoamua maisha ya turbo mpya. Mwaga oili na ubadilishe filta. Injini hii huchukua takriban lita 7. Bomba dogo linalopeleka oili kwenye turbo libadilishwe, au angalau lisafishwe hadi hewa ipite bila kizuizi, na washa zake za shaba ziwe mpya. Bomba la kurudisha oili hutegemea mteremko peke yake, bila pampu, hivyo likiwa limebonyea au limezibwa na silikoni iliyopakwa kwenye gasketi, oili hukaa ndani ya turbo na kusukumwa kupita sili, yaani pete zinazoizuia isitoke. Intakula ioshwe na kukaushwa, hasa ikiwa feni ya zamani ilimeguka, kwa kuwa vipande hubaki ndani yake na kuingia kwenye silinda siku ya kwanza.

Kabla ya kuunganisha bomba la oili, mimina oili safi kwenye tundu la turbo na uizungushe feni kwa mkono ili bushi zilowe. Kama turbo ina mabomba ya maji, yaunganishe na utoe hewa kwenye mfumo wa kupooza. Kisha, swichi ikiwa imezimwa kwa sababu umeme wake ni mkali, chomoa soketi za injekta zote nne na uzungushe stata kwa vipindi vya sekunde 10 hadi taa ya oili izime. Rudisha soketi, washa, na iache injini ingurume dakika kadhaa bila kukanyaga mafuta huku ukitazama kama kuna oili inayovuja. Makosa yatakayokuwa yameandikwa na kompyuta kwa sababu ya soketi hizo yafutwe kwa mashine.

Jambo moja la usalama linahusu siku hii na siku zote turbo inapokuwa mbovu. Sili zikipasuka, oili huweza kumiminika kwenye njia ya hewa, na injini ya dizeli huiunguza kama mafuta. Hapo mizunguko hupanda yenyewe, moshi mzito hufuka, na kuzima swichi hakusaidii. Kama gari ni la gia za mkono, weka gia ya juu kabisa, kanyaga breki kwa nguvu zote na uachie klachi ili injini izimike. Kama ni otomatiki, njia iliyobaki ni kuziba mdomo wa hewa kwa kitu kigumu kama ubao. Usitumie mkono wala kitambaa. Ikiwa huwezi kuufikia bila hatari, ondoa watu wote karibu na gari. Kwa sababu hiyo kila fundi anayewasha gari lenye turbo mpya au inayovuja oili awe na ubao karibu.

Safari ya kwanza iwe fupi, bila mzigo mzito. Gari likipoa, rudia kukaza nati za manifoldi na klampu zote kwa vipimo vya kitabu. Baada ya hapo tumia oili halisi ya daraja linalotajwa na mtengenezaji na uibadilishe kila kilomita 5,000, kwa kuwa vumbi na foleni zetu haziruhusu vipindi virefu. Badiliko la kwanza lifanyike mapema zaidi, kwenye kilomita 1,000, na filta iliyotolewa ikatwe na karatasi yake ikunjuliwe juani. Zikionekana chembe zinazong'aa au makaa meusi, sampu ifunguliwe tena kabla gari halijapewa safari nyingine ndefu.